Kuhasi mbwa dume au kufunga kizazi jike: tuanze na nani kijijini Tungamalenga?

Dume ni kazi nyepesi. Nusu kaputi, mpasuko mdogo, korodani zimetoka, na jioni anatembea, ingawa kwa kuyumbayumba kama aliyetoka kilabuni. Tatizo ni hesabu: ukihasi madume tisa ukamwacha wa kumi, huyo mmoja atawapanda majike wote wa kitongoji. Tena aliyehasiwa leo anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa bado.

Jike ni shughuli. Tumbo linafunguliwa, ovari na mfuko wa uzazi vinatolewa, kisha siku kama kumi za kulinda mshono. Kwenye nyumba yenye kuku, vumbi na watoto, mlinzi ni nani? Nimeona mama mmoja akimvalisha mbwa wake fulana kuukuu ya mtoto, miguu ikipita mikononi, asirambe kidonda. Ilifaa. Na jike huyo hazai tena. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, kwa hiyo kila mwaka unaochelewa una gharama.

Mimi ningeanza na majike. Huku tumepakana na Hifadhi ya Ruaha, yenye mbwa mwitu na simba, na mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi ambao mbwa huweza kuwaambukiza wanyamapori, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Upasuaji hauzuii ugonjwa huo, wala kichaa cha mbwa. Kwa hiyo chanjo ichomwe mnyama akiwa bado amelala, maana kumkamata mara ya pili, weee!