"Jiandae," wakati kandambili zinaelea jikoni: uzoefu wangu na meseji za tahadhari ya mvua

Naomba niulize: tahadhari ya mvua inayokufikia ukiwa umeshasimama kwenye maji, hiyo ni tahadhari au taarifa ya habari?

Nazungumzia huduma moja ya meseji, jina nalihifadhi, wanayokukata hela kidogo kidogo kila siku kwenye salio. Nilijiunga masika yalipokaribia, maana tunakaa bondeni huku karibu na Mto Rau, na mtu wa bondeni hachezi na Aprili. Mwanzoni niliisifia hadi kwa majirani. Asubuhi unaamka unakuta "mawingu kiasi", unajua kabisa leo nguo zinafuliwa.

Sasa usiku ule. Mjini hata tone hakuna, na meseji ya jioni ilishasema Moshi ni shwari. Kumbe Uru huko juu imepiga tangu alasiri! Aliyekulia hapa anajua: mafuriko yetu yanashuka na mto kutoka mlimani. Unaweza kukaa barazani unatazama nyota na maji yako yapo njiani yanakuja. Aliyetuokoa ni wifi yangu anayeishi Uru. "Wifi, huku mto unanguruma, toeni vitu chini." Akakata. Tukapandisha gunia la mchele mezani, vyeti vya watoto nikavifunga kwenye nailoni, baba yao akazima meini swichi. Maji yakaingia kwa mlango wa jikoni, rangi ya chai ya maziwa, kandambili zinaelea. Ndipo simu ikalia: "Mvua kubwa inatarajiwa eneo lako. Jiandae."

Inatarajiwa!

Kesho yake nikapiga huduma kwa wateja. Binti akanisikiliza huku anatafuna kitu, halafu akasema, "Dada, kwani sisi ndio tunaleta mvua?" Hela yangu anakula, jibu ndilo hilo. Nikaomba msimamizi, nikawekewa muziki mpaka simu ikakatika. Matope ya jikoni nilishayasahau. Hilo jibu bado.

Kinachoniuma zaidi, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inatoa tahadhari bure, redioni na mitandaoni, tena kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wiki ile Kilimanjaro tulishawekwa kwenye chungwa mapema. Hawa wangenakili tu, ingetosha!

Haya, nisiwaonee. Siku za kawaida hawajanidanganya sana, na kwa watu wa Shanty Town, ambao mto hauwapigii hodi, pengine inawafaa. Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu. Lakini nikimkumbuka yule binti na kutafuna kwake, hata moja naiona nyingi. Nimeshajitoa, nikajibiwa "ombi lako limepokelewa", na leo asubuhi wamenikata tena.