Muhuri Usiosomeka: Uzoefu Wangu wa Kuomba Habari Serikalini

Nianze na mlinzi wa mlangoni, maana katika ofisi ile nzima ndiye peke yake aliyenisalimia. Ofisi yenyewe siitaji. Iko katikati ya jiji, lifti imekufa, na ukifika kaunta ya ghorofa ya nne unahema kama umekimbizwa na kanjo, askari wa jiji.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Kwetu Kayole, Nairobi, mtaro ulichimbwa ukaachwa wazi, mvua ikaja, maji yakaingia kwa mama wa mboga yakambebea sukuma wiki yote. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: mkandarasi ni nani, mkataba unasemaje, amelipwa ngapi. Basi.

Dada wa kaunta aliishika kwa vidole viwili kama aliyeokota soksi ya mtu. "Hii umeandika Kiswahili ya nini? Hapa tunatumia Kizungu."

Nikamjibu kwa upole kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016 inakubali Kiingereza au Kiswahili. Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Na unazitakia nini hizo habari? Wewe ni wa gazeti?" Sheria hiyohiyo inasema sababu yangu haiwezi kuninyima haki, lakini hilo nililimeza. Nilishaonekana mjuaji, na mjuaji hapigiwi muhuri.

Aliupiga mwishowe. Aliupiga upande, bila hata kuangalia, kwenye nakala yangu, huku anaongea na simu. Jina la ofisi lilitoka vizuri. Tarehe ikawa doa la zambarau.

Sikujali. Laiti ningejali! Kwa sheria wana siku 21 za kukujibu tangu wapokee ombi, na wanaweza kuongeza 14, mara moja tu, kama karatasi ni nyingi au inabidi washauriane na wengine. Sasa kama siku ya kupokea ni doa, mtahesabu kuanzia wapi?

Hawakuongeza siku, walinyamaza tu. Nilirudi mara nne, nauli yangu. Mara faili iko kwa meza ya mkubwa. Mara mkubwa ako semina Naivasha (nani hulipia hizi semina? hiyo nayo ni barua nyingine). Mara ya nne nikatoa nakala yangu, na yule yule dada akaiinua dirishani, akakunja macho: "Lakini tarehe iko wapi hapa?"

Madam, si uliipiga wewe!

Nilitoka nikitetemeka. Ungeniuliza siku hiyo ningesema hii sheria ni pambo, wamechukua kifungu cha 35 cha Katiba, kile cha haki ya kupata habari, wakakitundika ukutani kama kalenda ya mwaka jana. Nyota sifuri.

Mlinzi ndiye aliyenituliza. Akaniambia, "Kaka, hawa wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman." Na kweli, kwa sheria, muda ukipita bila jibu unahesabika umenyimwa, na una siku 30 za kuomba ukaguzi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo hiyo Ombudsman, iliyo Waiyaki Way kule Westlands. Nikapeleka malalamiko, na lile doa nikaliambatisha.

Sijui ni nini kilisemwa na nani, ila baada ya wiki kadhaa nilipigiwa simu, sauti laini ajabu: njoo uchukue. Kwa hiyo lazima niwe mkweli, mambo yalienda. Mkataba nimeushika kwa mikono yangu, jina la mkandarasi limo, na mama wa mboga ameusoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, akaguna alipofika kwenye sentensi ya "kufunikwa kwa mtaro". Kwa sababu ya ile sura yake, nilitaka kuwapa nyota tatu.

Kisha nikahesabu kurasa. Ukurasa wa malipo haumo. Yaani kile hasa nilichouliza, amelipwa ngapi, ndicho kimeachwa, na juu yake kuna barua ya Kizungu yenye muhuri safi wa kupendeza, tarehe inasomeka hata bila miwani. Kumbe wanajua kupiga!

Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi. Nimeandika tena, kwa Kiswahili, na safari hii sikuondoka kaunta mpaka nilipoisoma tarehe kwa sauti na dada wa kaunta akaitikia.