TAHADHARI: Helmeti feki za majina makubwa zinauzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya waendesha baiskeli akinadi helmeti za barabarani na za milimani zenye nembo za kampuni kubwa, mpya kabisa, kwa bei isiyofika hata nusu ya ile ya dukani. Jina lake silitaji kwa sababu halidumu. Leo ni duka la vifaa vya michezo, kesho ni mdau anayemaliza stoo. Kinachobaki vilevile ni picha, maelezo na namna anavyojibu, kwa hiyo shikeni mwendo wake kuliko jina.

Picha zote amezichota kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mwombe aliyoipiga mwenyewe, hasa ya ndani ya helmeti, atakutumia video fupi ya boksi. Muulize bei imeshukaje, utapewa hadithi ya kiwanda: zinatoka kulekule zinakotengenezwa orijino, ni oda iliyozidi, au zina kasoro ndogo ya rangi tu. Hadithi hii inawapata hata wazoefu, kwa kuwa inamfanya mnunuzi ajione mjanja. Lakini hebu fikirini: hata ingekuwa kweli, nani anataka kuvaa kichwani kitu ambacho wakaguzi wa kiwanda wamekikataa?

Baada ya hapo anakuvuta pembeni. Mmalizane kwenye ujumbe binafsi, ulipe kwa njia ile ya kutumiana pesa ndugu na marafiki ili kukwepa makato. Ukikubali umejivua ulinzi wa mnunuzi, na hakuna wa kukusikiliza mzigo ukifika. Na mzigo huwa unafika, hilo ndilo linalowafanya watu wamwamini na kumpigia debe. Ukilalamika hagombani. Ni "samahani sana ndugu yangu", kisha anakurudishia kisehemu cha pesa ubaki nayo, au anataka uirudishe ng'ambo kwa gharama yako, au anakusihi usubiri kidogo mpaka muda wa kufungua malalamiko unapita.

Mwenzetu mmoja wa safari za wikendi alinunua moja. Kwa nje ilipendeza: rangi safi, kifungio kinalia vizuri, gurudumu la kukazia kisogoni linazunguka, stika inayong'aa na hata msimbo wa kuskani. Tulipotoa sponji za ndani ndipo tukaona mikanda imegundishwa tu kwenye povu. Tulivuta mmoja kwa mkono, ukachomoka na kipande cha povu.

Povu lile ndilo helmeti yenyewe. Ni polistaireni iliyoumuliwa, na kazi yake ni kupondeka ili kichwa kisimame taratibu badala ya kusimama ghafla. Likiwa gumu mno halipondeki, likiwa laini mno linaisha kabla kichwa hakijasimama. Helmeti ghali zenye matundu mengi huhitaji kitu cha ziada: kiunzi cha nailoni au nyuzi ngumu kilichozamishwa ndani ya povu ili lisimeguke vipandevipande. Feki huiga matundu na kuacha kiunzi, kwa vile hakionekani kwenye picha. Ukianguka inaweza kupasuka kwa pigo la kwanza, ukamalizia mteremko kichwa wazi.

Viwango navyo si urembo wa lebo. Kwa EN 1078 ya Ulaya, helmeti ikiwa na kichwa cha majaribio huangushwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, na mshtuko unaofika kichwani haupaswi kuzidi 250 g, yaani mara 250 ya mvuto wa dunia. Kiwango cha CPSC cha Marekani, cha lazima kwa helmeti zote zilizotengenezwa tangu Machi 1999, huangusha kutoka mita 2 na kuruhusu hadi 300 g. Kwa CPSC mikanda nayo hujaribiwa: uzito wa kilo 4 unaachiwa kutoka sentimita 60, na mkanda haupaswi kurefuka zaidi ya milimita 30. Ule wa mwenzetu haukuhitaji kilo 4.

Sasa, kuitambua. Niseme wazi kwamba uzito, boksi na stika havikusaidii sana, maana vyote vinaigwa. Anza na lebo ya ndani. Ya EN 1078 inapaswa kuonyesha jina la mtengenezaji, modeli, saizi kwa sentimita, uzito, na mwaka na robo ya mwaka ilipotengenezwa. Ya CPSC ina namba ya toleo, mwezi na mwaka, pamoja na anwani na simu ya mtengenezaji au mwingizaji. Lebo yenye herufi CE peke yake bila lolote ni ya kutilia shaka. Alama hiyo kwenye helmeti ya baiskeli humaanisha aina hiyo ilipimwa na chombo kilichoidhinishwa, lakini mwenye printa yoyote anaweza kuichapa.

Kama inadai kuwa na Mips, ile teknolojia ya Sweden ya kupunguza nguvu za mzunguko, sukuma utando wa ndani kwa vidole. Unatakiwa kuteleza kiasi cha milimita 10 hadi 15 kila upande. Feki nyingi huwa na plastiki ya njano iliyobandikwa isiyosogea hata kidogo. Angalizo tu: si Mips zote zina utando wa njano. Nyingine imo ndani ya sponji, na ile iitwayo Spherical ni magamba mawili yanayoteleza moja ndani ya jingine, kwa hiyo usiikatae orijino kwa kukosa njano. Njia ya uhakika zaidi ni kumuuliza mtengenezaji kama muuzaji huyo yumo kwenye orodha ya mawakala wake.

Najua wengine watasema orijino ni ghali mno. Kweli, ila anayekulazimisha ununue modeli ya mashindano ni nani? Maabara ya Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, imekuwa ikitoa alama za helmeti za baiskeli tangu 2018, na zipo za bei nafuu zilizopata nyota 5. Nafuu yenye kiwango halisi inaishinda mbali feki yenye nembo kubwa.

Muuzaji huyohuyo ana usukani wa kaboni, nguzo za siti na uma za mbele. Hapo ndiyo msithubutu kabisa. Kaboni haipindi kwanza ikakupa taarifa kama alumini, inakatika, na kwenye usukani inakatika ukiwa umeuegemea kwa uzito wako wote. Kugonga kwa sarafu na kusikiliza mlio hakukwambii tabaka ngapi zimelazwa wala kwa pembe ipi. Pedi za breki na minyororo yake sijazishika, na sina hamu.

Aliyekwisha nunua asiivae hata kwa mzunguko mfupi wa jioni, na asimpe mtoto. Piga picha za lebo, povu, mikanda, boksi na anwani ya mtumaji, hifadhi mazungumzo yote, kisha fungua malalamiko rasmi ya bidhaa bandia kwenye jukwaa ulikonunulia au kwa waliopitisha malipo, bila kukubali kisehemu cha pesa anachokupa kukutuliza. Watumie picha hizo na wenye nembo, maana wao ndio wenye nguvu ya kumshusha mtandaoni. Usiiuze kwa mwingine hata kwa kumwambia ukweli, kwani naye ataiuza bila kusema. Malalamiko yakishaamuliwa, kata mikanda yote kwa mkasi na uvunje povu ndipo uitupe, isije ikaokotwa na mtu akaivaa.