Fundi wa chini ya mti wa mkungu Bombolulu, Mombasa: nilienda atengeneze gari niuze, akanikataza

Nampa nyota nne, hiyo ya tano ntawaeleza kwa nini nimemnyima. Jina lake siweki hapa maana hakunipa ruhusa, lakini anayejua ule mkungu anaujua, na kibao chenyewe hana.

Gari yangu ilikuwa Corolla NZE ya 2004, iliingia nchini 2011, petroli, 1500cc. Nimeipanda kila siku Kiembeni mpaka mjini, na wikendi feri kwenda kwa mamangu Likoni, kwa hivyo chumvi imekula kisawasawa. Milango chini ina kutu, boneti imepauka, taa za mbele njano kama macho ya mgonjwa wa ini, mlango wa nyuma una bonde nililopigwa na tuktuk pale Kongowea akakimbia, AC inapuliza upepo wa kupikia, oili inadondoka, mbele kunagonga kila nikipita tuta, taa ya injini inawaka kwa dashibodi miezi na miezi, na dirisha la nyuma kushoto halishuki. Nikasema hii siwezi kuuza hivi, watu watanicheka.

Kwanza nikaenda gereji moja kubwa, ile aina ya sakafu ya vigae na soda ya bure ukisubiri. Wakanipa kotesheni ya 187,400. Rangi gari zima 85,000, mashoki yote manne, kompresa ya AC 35,000, na vingine hata sikumaliza kusoma. Nikamuuliza yule kijana wa kaunta, sasa nikitumia hizi zote gari ntauza ngapi? Akaniambia "hiyo sasa ni wewe na mteja, mamii." Soda nikamaliza nikaondoka. Njiani nikampigia dalali mmoja, akaja akaizunguka mara moja tu, akasema 330,000 kama ilivyo, cash, leo leo.

Ndo jirani akanipeleka kwa huyu ami. Mzee wa makamo, kofia, kikoi juu ya ovaroli, vijana wawili wanamzunguka. Sikuanza hata kueleza akaniuliza swali moja: "Mwanangu, unatengeneza ukae nayo ama unatengeneza uuze?" Nikamwambia niuze. Akafunga boneti. Akamwambia kijana lete kipande cha katoni na kalamu.

Sasa hapa ndo nataka mnisikize maana ndicho nilicholipia. Akapiga mstari katikati ya ile katoni, upande mmoja akaandika vitu vya kutengeneza, upande mwingine vya kuacha. Nikidhani upande wa kutengeneza utakuwa na vitu vikubwa. Wapi! Rangi, mashoki, matairi, bonde la tuktuk, kutu, vyote akavitupa upande wa kuacha. Nikamuuliza ami mbona unakataa pesa? Akasema mnunuzi wa gari kuukuu anajua ananunua kuukuu, bonde anaona kwa macho yake, anajua ni bonde. Shida ni kile asichokijua. Akiona oili chini ya gari hasemi hii ni gasketi, kile kizibo cha kuzuia oili isivuje, anasema injini imekufa hii, na atakukata bei ya injini. Kwa hivyo tengeneza cha rahisi kinachotisha, kile cha ghali kinachojionyesha chenyewe kiache uongee bei.

Tukaanza na oili. Ilikuwa tapeti kava gasketi, ile ya juu ya injini, 1,500 na ya kufunga 1,000. Nikataka aoshe injini ing'are, akakataa, akapangusa kwa kitambaa na petroli kidogo tu. Anasema gari ya miaka ishirini injini ikimetameta mtu anajiuliza unaficha nini, endesha wiki moja aone ina vumbi na ni kavu.

Taa ya injini akachomeka mashine yake, ikasoma sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la moshi. Nikamwambia si ufute tu taa izime, nimesikia watu wanafanya hivyo. Akaniangalia. "Itarudi kabla hajafika Mtwapa, na atakuwa na namba yako ya simu." 3,500 na kufunga.

Kugonga kule mbele, ambako kotesheni ilisema mashoki yote manne, akaingia chini akatikisa tikisa kwa mkono, akanivuta niinamie nione. Kumbe ni stabilaiza linki, vichuma viwili virefu kama penseli nene, kichwa cha kimoja kinacheza kama jino la mtoto. Viwili na kazi 4,000. Tuta kimya kabisa, mpaka nilizoea nikasahau kwamba kulikuwa na kelele.

AC sasa, hiyo ndo ilinifurahisha. Kwetu hapa msimu wa kaskazi, mwezi wa pili wa tatu, mtu akiingia kwa gari mkono wa kwanza hauendi kwa stering, unaenda kwa swichi ya AC, na kama haipozi hata usimwambie habari ya mileji. Mimi nshajiandaa kwa ile kompresa ya 35,000. Huyu akatia gesi kidogo, akachanganya sabuni ya unga na maji kwenye kikopo, akapaka kwa brashi kila pahali. Tukakaa tunaangalia. Kwenye kompresa hakuna kitu. Kwenye kondensa, ile wavu iliyoko mbele ya rejeta, pembeni chini, povu likaanza kujaa taratibu, kiputo kimoja, kinapasuka, kingine. Na palepale pana alama ya mafuta na vumbi limeganda. Akasema kondensa ndo ya kwanza kupigwa na upepo wa bahari, chumvi inakula alumini mpaka inatoboka. Mtumba kutoka Japani 7,000, gesi 3,000, kazi 2,000. Nikirudi nyumbani siku hiyo nilipita Nyali bridge madirisha juu, nilihisi kama nimenunua gari mpya, nusura nighairi kuuza wallahi.

Taa za mbele vijana ndo walifanya, msasa wa maji, namba 800 halafu 1500 halafu 2000, maji yanatoka meupe kama tui, mwisho polishi. Polishi wakapiga na boneti pia, jumla 3,500. Ami akaniambia waziwazi ile njano ni plastiki imechomwa na jua na itarudi baadaye kama hujapiga vanishi, ukiulizwa usiseme ni taa mpya.

Ndani nilioshesha mahali pengine 2,500. Hesabu yote ikawa 28,000. Rudia kuangalia ile kotesheni juu, mimi nitanyamaza.

Mnunuzi alikuwa mwalimu kutoka Ukunda, ng'ambo ya feri, amekuja na mkewe na fundi wake, na yule fundi ana sumaku ya friji mfukoni! Anaizungusha bodi nzima, ikishika ni bati, ikianguka kuna fila, ile rojo ya kuzibia mabonde, chini ya rangi. Hapo nikaelewa kwa nini ami alikataa rangi. Gari kuukuu iliyopakwa yote mwezi jana, huyu angeniuliza ilipinduka wapi. Alipofika kwenye bonde la tuktuk akagonga gonga akasema "hili angalau halijafichwa", akasonga. Matairi akasoma zile tarakimu nne za ubavuni, 1419, yaani wiki ya 14 ya 2019, akasema haya yamezeeka, akakata 5,000. Sawa tu, mapya manne yangenigharimu 34,000 na hakuna ambaye angeniongezea 34,000 juu yake.

Sasa ile nyota niliyomnyima. Dirisha la nyuma kushoto. Mimi nilimwambia ami siku ya kwanza, nikamkumbusha ya pili, akanijibu "huko nyuma nani anakaa", akaliandika upande wa kuacha. Aliyekaa ni mke wa mwalimu. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, akamwita mumewe "baba fulani, hili halifanyi kazi, na watoto wanakaa huku", na kuanzia hapo yule mama hakuiangalia gari kwa jicho zuri tena. 10,000 nzima ikatoka kwenye bei kwa swichi ya elfu moja na kitu. Fundi anafikiria kama fundi, anayekaa na watoto nyuma hamjui. Na ni sheria yake mwenyewe alivunja, kitu cha rahisi kinachotisha.

Mengine madogo: akisema Jumanne jua ni Alhamisi, Ijumaa usiende mpaka baada ya swala na hata hapo ana usingizi, kijana wake aliniachia kiganja cha grisi kwenye kiti, na risiti hatoi, ana katoni tu.

Niliomba 420,000, tukamaliza 405,000. Ukitoa 28,000 bado nimempita dalali kwa 47,000, na jasho la kuzunguka nalihesabu pia lakini si sana. Kuhamisha umiliki tulifanya kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, muuzaji ndo anaanzisha halafu mnunuzi anakubali kwake, mimi funguo ya pili nilishikilia mpaka hapo.

Mwalimu aliuliza risiti za zile spea, nikampa katoni. Akaisoma pande zote mbili, kutengeneza na kuacha, akacheka, akaikunja akaweka kwenye dashibodi akaomba na namba ya ami. Juzi kapita pale mkunguni na feri yote hiyo aliyovuka, swichi ya dirisha akabadilishiwa. 1,400.