Nyaraka au masimulizi ya wazee: tasnifu ya historia ya kisasa mjini Lubumbashi

Mwanafunzi wa historia anayeandika tasnifu hapa Lubumbashi, tuseme juu ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba enzi za ukoloni wa Wabelgiji, wa Desemba 1941, hujiuliza aanzie kwenye nyaraka au kwa wazee. Kwa gharama, wazee wanashinda: nauli ya kufika mtaa wa Kamalondo, daftari na simu ya kurekodia vinatosha, ilhali sehemu kubwa ya nyaraka za kikoloni iko Brussels. Kwa tarehe na majina nyaraka ni imara zaidi, ingawa ziliandikwa na waajiri na watawala, na mgomaji humo mara nyingi ni namba tu. Mzee anaweza kuchanganya miaka. Lakini ndiye atakayekukingia viganja viwili kukuonyesha baba yake alipimiwa posho ya unga kiasi gani, na hilo, kwangu, ni historia kamili. Tena karatasi husubiri, shahidi hasubiri. Anayechunguza kujitenga kwa jimbo la Katanga na Kongo, 1960 hadi 1963, awawahi wazee maadamu wangali hai. Anayerudi hadi 1941 atategemea zaidi nyaraka, pamoja na kumbukumbu za watoto wa wachimbaji.