Mchanga wa paka unaoshika madonge: uzoefu wangu wa ghorofani

Kwa mwenye haraka: mchanga wa bentonite (aina ya udongo wa mfinyanzi), ule usiotiwa manukato, ndio niliobaki nao na sina mpango wa kuubadilisha. Nimemzoesha nao paka jike aliyekulia nje, pale karibu na soko la samaki la Feri, akaja kuishi nasi ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam, pasipo ua wala bustani. Kila mtu aliniambia paka mkubwa wa mtaani hafundishiki.

Anafundishika, tena upesi. Kufukua na kufukia ni silka yake, hahitaji mwalimu. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali, na mahali penyewe pasimchukize.

Mwanzoni nilimweka chumba kimoja tu, chakula na maji pembe moja, beseni la mchanga pembe ya mbali kabisa, maana paka hapendi kujisaidia karibu na anapokula. Juu ya mchanga wa dukani nikanyunyizia udongo wa nje, wa kulekule alikotoka. Alinusa weee, akaingiza mguu mmoja, akautoa, akaukung'uta. Halafu akaingia mzima, akafukua mpaka chembe zikaruka sakafuni, akachuchumaa huku kanikazia macho. Nikageuka nikatazama dirishani, nimwachie faragha yake. Kila akimaliza kula nilimsogeza taratibu kwenye beseni, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao huanza kusukuma. Udongo nikaupunguza kidogo kidogo hadi ukabaki mchanga mtupu.

Sasa bidhaa yenyewe. Bentonite ni aina ya mfinyanzi unaofyonza maji na kuvimba. Mkojo ukiingia, chembe zinashikana, unapata donge ambalo unaliopoa kwa kijiko chenye matundu, na mchanga uliobaki unaendelea kutumika. Biashara ya udongo wa paka ilianzia Marekani mwaka 1947, Edward Lowe alipoanza kuuuza kule Michigan, lakini huu wa madonge ulikuja miaka ya 1980. Nimeulinganisha na tulivyo navyo hapa. Mchanga wa kawaida mkojo unazama hadi chini na kutulia hukohuko, kwa hiyo lazima umwage beseni zima. Maranda ya kwa fundi seremala ni ya bei rahisi mno na siku ya kwanza yananukia vizuri, ila kwa joto na unyevu wa Dar yanachacha haraka, na yanasambaa nyumba nzima.

Kasoro zake zipo. Bei ni kubwa. Mfuko ni mzito, na lifti ikiwa mbovu utaujua uzito huo ngazi kwa ngazi. Unatimua vumbi, kwa hiyo umimine polepole, dirisha likiwa wazi. Usithubutu kuutupa chooni, utavimba ndani ya bomba. Na vitoto vya paka ambavyo havijatimiza miezi miwili visipewe, kwa kuwa huonja kila kitu na mchanga huu unaweza kuvimba tumboni.

Ule wenye harufu ya maua nao niliujaribu. Paka alisimama ukingoni mwa beseni, akapiga chafya, akaenda kukojoa kwenye zulia la bafuni. Manukato yale yametengenezwa kumridhisha binadamu, si paka. Hata sanduku lenye kifuniko sikuona faida yake: linafungia harufu ndani, na mwenye pua kali ndiye anayeingia. Boksi kubwa la plastiki la kuwekea nguo, refu mara moja na nusu ya mwili wa paka, ukingo mmoja umekatwa chini ili apite, linatosha kabisa. Kina cha mchanga, vidole vitatu.

Kwenye kuosha naomba tuwe makini sana. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji mara nyingi zina kemikali iitwayo fenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo. Atakanyaga, atalamba miguu, ataumwa. Mimi natumia maji ya moto na sabuni isiyo na harufu kali. Mama mjamzito asiguse beseni kama kuna mtu mwingine wa kulisafisha, kwa ajili ya toksoplazma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai ya kimelea hicho yakitoka na kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kuopoa kila siku kuna maana kubwa kuliko usafi wa macho.

Na hapo ndipo mchanga huu unapolipa gharama yake: unakuonyesha paka amekojoa kiasi gani. Nimeshazoea ukubwa wa madonge ya huyu wangu, kwa hiyo yakianza kuwa madogo na mengi, au makubwa kupita kawaida, nampigia daktari wa mifugo. Mwenye dume aangalie zaidi. Ukimwona anaingia na kutoka kwenye beseni, anajikamua, analia, na hakuna hata donge moja, njia ya mkojo huenda imeziba. Usingoje kesho. Mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu hali hiyo inaweza kumuua paka ndani ya siku moja au mbili.