Tahadhari: Boti ya maji shwari inauzwa kama boti ya kuhimili mawimbi ya ziwa

Nawatahadharisha wote wanaotafuta boti ya injini yenye kabini kwa safari za ziwa kubwa: yupo muuzaji anayenadi boti ya faiba ya mita 8 kwa maelezo kwamba inahimili hali yoyote ya hewa, ilhali umbo lake ni la maji yaliyotulia. Mimi nilitoa malipo ya awali kabla ya kuikagua, na fedha hizo hadi leo sijarudishiwa.

Kilichonilainisha ni kauli yake kwamba ziwa si bahari. Ni kweli, lakini kweli hiyo inamgeukia yeye mwenyewe, kwa maana mawimbi ya ziwani, yanayosukumwa na upepo kwa masafa mafupi, huwa yamesimama na yanafuatana kwa karibu, kiasi kwamba omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, huwa haijamaliza kulipanda wimbi moja kabla ya jingine kuipiga. Katika hali hiyo tumbo bapa hulipiga maji kwa kishindo, na ndiyo maana boti ya mawimbi huundwa kwa tumbo la umbo la V ambalo, hata linapofika tezi, yaani nyuma kabisa ya boti, bado lina mwinamo wa nyuzi 20 hivi. Nilipochuchumaa nyuma ya boti hii niliona tumbo bapa kama sinia.

Tangazo lilidai kuwa boti ni ya daraja B, ambalo kwa kanuni za Umoja wa Ulaya ni la upepo usiozidi nguvu 8 za kipimo cha Beaufort, kinachopima nguvu ya upepo, na mawimbi yasiyozidi mita 4. Kibati cha mtengenezaji, nilichokikuta nyuma ya mto wa kiti, kilisema C, yaani nguvu 6 na mita 2. Tena hata C hiyo ni ya kabla ya kuongezwa sitaha ya juu yenye usukani wa pili, uzito ambao unaifanya boti iwe nyepesi kupinduka. Muuzaji alinijibu kwamba herufi hizo ni mambo ya makaratasi tu.

Majaribio alikubali yafanyike alfajiri peke yake, ziwa likiwa bado limelala, na nilipoomba turudi alasiri upepo ukivuma akadai kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani. Nilimwaga ndoo moja ya maji kwenye sitaha ya nyuma ili nione yatatokea wapi. Hayakwenda nje, kwa kuwa hakuna tundu hata moja la kuyatoa. Yalituzunguka miguuni, kisha yakapenya kwenye mfuniko wa injini hadi ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, na pampu ya kuyatoa haikuwaka. Nilipogonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, mlio karibu na tezi ulikuwa mzito, dalili ya mbao zilizolowa ndani ya faiba.

Boti hiyo imetangazwa upya kwa picha mpya, na kibati kimeng'olewa. Yamebaki matundu manne ya skrubu chini ya mto ule. Atakayeitazama aombe kwanza kusoma namba ya bodi iliyochorwa tezini upande wa kulia, ailinganishe na hati za umiliki, na asitoe malipo ya awali ya aina yoyote kabla ya mkaguzi aliyemchagua mwenyewe kuipandisha nchi kavu.